Ukiandika "Dagaa Wanapatikana" Tu, Bei Anakupangia Mfuga Kuku

Wafanyabiashara wenzangu, leo siongelei namna ya kupiga picha wala saa nzuri ya kuposti. Naongelea dagaa, na hasa dagaa mchele, wale weupe wembamba wa baharini.

Nauza dagaa mtandaoni hapa Dar, huu mwaka wa sita. Kuna kitu nakiona kwenye kurasa zetu nyingi kinanikera kwelikweli. Picha ya beseni, chini yake "dagaa wanapatikana", namba ya simu, basi. Halafu mwenye posti anakuja kulalamika kwamba wateja wanamwambia bei yake kubwa, sokoni ni nafuu.

Sasa ukimwambia mtu unauza "dagaa" bila neno jingine, yeye atakulinganisha na nani? Na dagaa yeyote aliyewahi kuona bei yake. Na dagaa wa bei ya chini kabisa nchi hii ni yule anayeenda kusagwa awe chakula cha kuku. Huyo ndo umejiweka naye kwenye mzani mmoja, kwa mkono wako mwenyewe.

Mimi nasema hivi: muuzaji mdogo wa mtandaoni asiuze dagaa bila kutaja maji waliyotoka na jinsi walivyokaushwa. Hata kama anauza nusu kilo tatu kwa wiki. Wengine wataona namletea mtu mbwembwe za matangazo, ila sababu yangu ni jinsi biashara hii inavyokwenda ukanda wetu.

Kwanza tuelewane nani ni nani, maana hata sisi wauzaji tunachanganya.

Dagaa wa Mwanza, ambao Wakenya wanawaita omena na Waganda mukene, ni wa Ziwa Victoria. Kwa ukoo yuko karibu na ningu kuliko alivyo karibu na samaki yeyote wa baharini. Dagaa wa Kigoma ni wa Ziwa Tanganyika na ni ndugu wa saradini. Kule wako wa aina mbili, na yule mkubwa kidogo ndiye lumbu. Lumbu huyo alipandikizwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, leo watu wa Bukavu na Gisenyi wanamwita sambaza. Akapelekwa tena Ziwa Kariba mwaka 1967 na 1968, huko ni kapenta. Kwa hiyo ukipata mteja Mkongo au Mzambia kwenye WhatsApp anauliza kapenta au sambaza, usimwambie huna. Unaye, jina tu ndo tofauti.

Dagaa mchele ni mwingine kabisa. Huyu ni anchovi, ukoo mmoja na wale wa kwenye vikopo vya Ulaya wanaowekwa juu ya piza. Mwangalie vizuri utamjua: mdomo umepasuka hadi nyuma ya jicho, pua imetokeza mbele ya mdomo, na ubavuni ana mstari wa rangi ya fedha. Anavuliwa Unguja, Pemba, Tanga, Mafia, Kilwa, pwani yote hii. Wavuvi wanatoka usiku wa giza na taa, zamani karabai, siku hizi taa za betri, za sola na jenereta. Dagaa wanaifuata taa, wanazungushiwa mtando. Mbalamwezi ikiwa kali taa haina nguvu na kazi kwa kawaida inalala. Ndo maana mimi kalenda ya mwezi nimeibandika ukutani, karibu na daftari la oda. Mzigo naununua giza likiwa limekolea, mbalamwezi nauza nilichonacho.

Kitu kinachomtenganisha dagaa mchele na wale wa maziwa ni chungu. Wa Mwanza na wa Kigoma wengi wanaanikwa wabichi moja kwa moja. Wa baharini, kwa mtindo wa Unguja, anachemshwa kwanza kwenye maji ya chumvi, masufuria makubwa juu ya kuni, ndipo anaanikwa juani. Ukienda Kama, Fungurefu au Mkokotoni asubuhi baada ya usiku mzuri, unakuta moshi, ndoo, na kina mama wengi kuliko wanaume. Mvuvi kazi yake imeisha alfajiri. Anayeamua kama mzigo utakuwa chakula cha mtu au cha kuku ni yule mama wa chungu na jua la siku hiyo.

Jua likikataa, hesabu inabadilika. Masika dagaa hawakauki, wanageuka rangi, wananuka, na gunia ambalo lilikuwa liende mezani linaishia kwa wasaga chakula cha mifugo kwa bei ya kutupa. Mvuvi alichoma mafuta yale yale, mama alichoma kuni zile zile.

Upande mmoja basi ni huo, wa kuku. Upande wa pili ni Wakongo. Wanunuzi wa Kongo wako Kirumba Mwanza, wako Unguja, na mzigo wa baharini unapita Dar, Tunduma, unakatiza Zambia hadi Kasumbalesa na Lubumbashi. Nasikia sana humu ndani watu wakisema "Wakongo wametupandishia bei." Mimi siko huko. Nimesimama nao wakinunua. Mkongo anatia mkono hadi chini ya gunia, anatoa dagaa wa katikati, anamkunja. Akikatika, sawa. Akipinda tu kama mpira, anaondoka. Anaangalia weupe, anaangalia tumbo kama limepasuka, anaangalia kichwa kipo. Anampa bei nzuri aliyekausha vizuri. Sisi wa Dar tunafika pale tunauliza "gunia shi'ngapi?" halafu tunashangaa kupewa lililobaki.

Kwa hiyo hali iko hivi: mzigo bora unavutwa kuvuka mpaka, mzigo mbovu unavutwa kwenye mashine ya kusaga, na Mtanzania wa Mbagala anayetaka dagaa safi wa kupika na nazi anapata kilicho katikati, hana hata njia ya kujua ni kipi. Hapo katikati ndipo sisi wa mtandaoni tunapoweza kula. Mkongo hauzi nusu kilo. Kiwanda cha chakula cha kuku hakiuzi nusu kilo.

Kuna wanaosema bora tuuze kwa wasagaji, mzigo unaondoka wote kwa mara moja, hakuna mteja wa kukusumbua saa nne usiku. Nawaelewa. Ila ukitaka kuona mahali ambapo anchovi amekuwa wa mashine tu, angalia Peru. Wao wana anchovi wengi kuliko nchi yoyote duniani. Karibu wote wanasagwa kuwa unga na mafuta kwa ajili ya kulisha samaki wa kufugwa na mifugo, wanaoliwa na watu ni kidogo sana. Mwaka 1970 walivua zaidi ya tani milioni 12. Mashine zilikuwa na njaa, wakaendelea kuvua, bahari ikapata joto la El Niño, na mwaka 1973 hawakufikisha hata robo ya hizo. Wakajipanga upya, wakaweka vipimo na misimu, na bado mwaka 2023 msimu wa kwanza ulifutwa kwa sababu samaki waliokuwepo wengi walikuwa wachanga. Samaki wa unga anauzwa kwa tani. Faida inatoka kwenye wingi, na yule mwenye ndoo moja hana sauti.

Sasa linganisha na Malaysia. Kule anchovi anaitwa ikan bilis, anachemshwa kwenye maji ya chumvi na kuanikwa, sawa na Unguja kabisa. Ila dukani hukuti "ikan bilis" basi. Kuna wadogo, kuna wakubwa, kuna daraja la kwanza na la pili, kuna waliotolewa kichwa na utumbo na kupasuliwa, na hao bei yao iko juu zaidi. Samaki ni wa ukoo ule ule, kazi ni ile ile, wamepanga tu na kuandika. Kutoa vichwa nusu kilo ya dagaa ni kazi ya saa moja hivi ukiwa unasikiliza redio. Nina wateja wazee na wenye watoto wanaolipia hicho tu.

Twende kwenye hela, maana najua mnasubiri. Namba hizi ni za mfano, weka zako.

Tuseme umenunua kilo 20 kwa 9,000. Hiyo ni 180,000. Usafiri 10,000. Ukiwachekecha vizuri, ukatoa mchanga, vumbi, vichwa vilivyokatika na vitu visivyoeleweka, unabaki na kilo 17, yaani pakiti 34 za nusu kilo. Mifuko na stika 300 kila pakiti, 10,200. Jumla umetumia 200,200. Pakiti moja imekugharimu karibu 5,890. Ukiuza 6,000 kwa sababu jirani anauza 6,000, faida yako kwa mzigo mzima ni 3,800. Hela ya vocha.

Jirani yako asiyechekecha amepata pakiti 40 kwenye kilo zile zile. Kwa 6,000 anaingiza 240,000, ametumia 202,000, kabaki na 38,000. Mchanga kamuuzia mteja. Ndiyo, leo anakushinda, na sitakudanganya kwamba kesho atafilisika. Kuna watu wanauza hivyo miaka.

Lakini wewe uliyechekecha, ili umfikie tu, lazima uuze zaidi ya 7,000. Ukiuza 7,500 unabaki na 54,800. Swali linakuja hapo: mteja atoe 1,500 ya ziada kwa nini, wakati posti yako na ya jirani zimeandikwa "dagaa wanapatikana"? Hajui kama umechekecha. Hajui kama ni wa Unguja au wametoka wapi. Ile 1,500 inalipwa na maneno uliyoandika, na maneno yakiwa ya kweli inalipwa tena mwezi ujao bila kubembeleza.

Yangu naandika hivi: "Dagaa mchele wa Unguja, wa giza la mwezi huu. Wamechemshwa kwa maji ya chumvi, wamekaushwa juani, wamechekechwa. Wana chumvi, waloweke kwanza. Nusu kilo." Hakuna "fresh", hakuna "quality", hakuna nyota tano. Zile kilo 3 za chekecheo nazo sizitupi, kuna dada wa Chanika ana kuku, anazichukua na anajua ni chekecheo.

Sasa mambo mawili ambayo yananifanya niwe mkali kuliko suala la faida.

La kwanza, watoto. Wengi humu tunauza unga wa lishe, na wengi tunatia dagaa. Ni jambo zuri, dagaa analiwa mzima na mifupa, mwili unapata kalisiamu na protini. Lakini dagaa mchele amechemshwa kwenye chumvi. Uji wa mtoto chini ya mwaka mmoja hautakiwi kuongezwa chumvi, figo zake bado changa. Ukisaga dagaa mchele ukatia kwenye unga wa mtoto wa miezi saba, umemwekea chumvi bila mama yake kujua, na yeye hataonja, ataamini stika. Kwa unga wa watoto tumia dagaa wasiotiwa chumvi, na andika ni wa wapi. Mama akikuuliza ukamjibu "ni dagaa tu mama", hapo hujajibu kitu.

La pili, kuna watu wakila dagaa uso unawaka, ngozi inawasha, kichwa kinauma, wengine wanaharisha, muda mfupi tu baada ya kula. Tunasema ana mzio wa samaki. Mara nyingine ni mzio kweli. Mara nyingine ni mzigo. Anchovi akikaa na joto masaa mengi baada ya kuvuliwa kabla hajachemshwa, bakteria wanatengeneza kitu kinaitwa histamini kwenye nyama yake. Ikishatengenezwa haiondoki kwa kuchemsha, haiondoki kwa jua, haiondoki kwenye kikaango chako, na pua haikuambii kila mara. Kwa hiyo swali la kumuuliza anayekuuzia ni hili: "Toka boti imefika mpaka wanaingia chunguni, muda gani?" Na tazama matumbo. Gunia lenye matumbo mengi yaliyopasuka lilichelewa kufika chunguni. Unayenunua kwa dalali wa tatu hapo Feri huwezi kuuliza swali hilo, hana jibu. Hiyo ndo faida ya kumjua mama mmoja wa Unguja kwa simu na kumtumia hela kila giza, hata ukimlipa kidogo zaidi.

Tukiwa hapo hapo: dagaa waliopuliziwa dawa ya wadudu ili wasiliwe na wadudu ghalani, usinunue hata kama ni bure. Wako sokoni. Wanunue waliokauka vizuri, waanike tena ukifika, wafungie kwenye chombo kisichopitisha hewa.

Jambo jingine ni misimu ya kufunga ziwa, na hili linatugusa moja kwa moja. Kenya inafunga uvuvi wa omena Aprili hadi Julai kila mwaka. Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, miezi mitatu, samaki wazaliane. Watu wa Kibirizi na Katonga waliumia, najua, mtu anayekula kwa kuvua ukimwambia apumzike miezi mitatu unamwambia neno zito. Ila kilichonichekesha na kunikasirisha ni mtandaoni. Katikati ya Julai ukurasa unaandika "Kigoma wapya wameingia leo asubuhi." Wapya wametoka wapi? Stoo sawa, dagaa aliyekauka anakaa, sema ni wa stoo. Wengi walikuwa wanauza wa Mwanza kwa bei ya Kigoma. Kufungwa kule hakukuhusu bahari. Aliyekuwa anawajua dagaa mchele na kumwambia mteja ukweli, "Kigoma kumefungwa, chukua huyu wa baharini, ana chumvi, anapikwa hivi", alipata wateja. Wangu kadhaa walianzia hapo na hawajarudi Kigoma hata ziwa lilipofunguliwa.

Kuna atakayeniambia mteja wake hajali haya yote, anataka rahisi. Wapo, na wana haki yao, sio kila mtu ana 7,500. Wawekee daraja la pili, waliovunjika vunjika lakini safi, andika "waliovunjika, kwa mboga ya kuunga", bei ya chini. Mwenye hela ndogo apate dagaa safi wasiopendeza, asipate mchanga.

Na gunia likiwa na vitoto vingi vya samaki wa aina nyingine ndani, vibua vichanga, changu wa ukubwa wa kidole, jiulize wamevuliwaje. Mara nyingi ni juya la kukokota ufukweni, ambalo limepigwa marufuku, au wavu wa matundu madogo mno. Mimi mzigo huo nauacha. Kwanza mteja hataki mchanganyiko. Pili, changu yule angekaa baharini ningemuuza mwakani kwa kilo.

Giza linaanza wiki ijayo. Walioko Mafia, Kilwa na Tanga, hebu tuambieni kwenye komenti mzigo ukoje na mnakaushia chanja au chini, kuna wenzenu hapa wananunua Unguja tu kwa sababu hawajui kama na nyie mnachemsha. Na anayeuza vikapu imara vya kuchekechea, vyenye wavu wa chuma kisichoshika kutu, aweke bei, changu kimetoboka.